Gia Tatu na Lori Lisilo na Oda

Siku ya tisa mfululizo, lori la Gia Tatu lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa benchi la kijiwe, limeoshwa hadi linang'aa kama bwana harusi aliyekimbiwa. Miaka kumi na tisa aliendesha malori ya tajiri mmoja, tena polepole, ndipo akapachikwa hilo jina. Mwezi huu alikuwa amenunua lake: tani kumi, rangi ya bluu, mlango wa kushoto hadi ubembelezwe ndiyo ufunguke. Kila asubuhi mkewe alimuuliza kama amepata mzigo, naye alijibu kwamba mambo yanaiva, kisha akaja kukaa kijiweni.

— Nimefika kiwanda cha saruji, alisema, akipuliza kahawa. Wanataka madereva wenye malori yao. Nikachukua fomu.

— Ukajaza? aliuliza Kinyozi.

— Nimeikunja vizuri.

Kamusi, karani mstaafu ambaye hakuna jambo asilolijua, akacheka kwa pua.

— Usijishushe, shemeji. Saruji ni ya watu wasio na ndoto. Wewe subiri minara ya simu. Safari moja, unapumzika mwezi mzima.

— Mnara utaenea kwenye tani kumi?

— Unakunjwa.

— Nani aliwahi kukunja mnara?

— Wataalamu!

Kinyozi hakukubali kuachwa nyuma.

— Achana na minara. Mteja wangu, namnyoa ndevu, ananiambia wanyama wa mbugani wanahamishwa. Twiga, bwana! Twiga hana haja ya kamba, anajishikilia mwenyewe.

— Tukifika chini ya daraja je?

— Unampigia honi, anainama.

— Mtamtia mwenzenu wazimu, alisema Bi Mkubwa, muuza kahawa.

Kamusi sasa alikuwa amesimama.

— Twiga ni mambo madogo! Kuna watu wanaunda roketi. Roketi haiundwi pale inaporukia, lazima ibebwe. Na nani wa kuibeba? Dereva wa mwendo wa taratibu! Wakisikia jina lako tu, watakuja wenyewe hapa na suti zao.

Gia Tatu alijua ni porojo. Lakini porojo ile ilimfaa. Maadamu alikuwa anasubiri roketi, hakuwa na sababu ya kubisha hodi mahali akaambiwa hapana.

Ndipo mwanamke mwenye sare ya uuguzi akasimama mbele yao, anahema.

— Samahanini. Hili lori la nani?

— Letu! walijibu Kinyozi na Kamusi kwa pamoja.

— Langu, alisema Gia Tatu.

— Kaka yangu, nina vitanda kumi na vinane vya wodi ya wazazi. Gari lililokuwa linavileta limekufa njiani, na kina mama wamelala sakafuni na vichanga vyao. Utaniokoa?

Kamusi akakohoa.

— Dada, gari hili lina oda kubwa ya...

— Roketi, Kinyozi akamsaidia.

Muuguzi hata hakuwatazama.

— Tunaondoka saa ngapi?

Gia Tatu akajikuta amegeuza shingo kumtafuta tajiri, maana miaka yote ile ndiye aliyepanga saa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Akamtazama Kamusi, Kamusi akachungulia kikombe. Kinyozi akajikuna kisogo.

— Anaulizwa mwenye gari, alisema Bi Mkubwa kwa upole.

Gia Tatu akainuka. Sauti ilitoka nene kuliko alivyotarajia.

— Saa nitakayosema mimi.

Akatoa funguo mfukoni.

— Sasa hivi. Na nyinyi wawili, pandeni nyuma. Nataka wabebaji.

Wakapanda. Lori likanguruma, likaingia barabarani, na Bi Mkubwa akabaki na birika limejaa kahawa ya moto, hana wa kummiminia.