Viini Viwili, Seli Moja

Risala ya Wakulima wa Uyoga wa Endebess kwa Bwana Kimotho, mkaguzi wa mbegu, Juni 2006

KARIBU
Mgeni rasmi, karibu Endebess. Chai iko tayari. Barua yako ilisema leo tuombe radhi kwa kuchanganya mbegu, la sivyo utafunga kibanda chetu.

TULIKOTOKA
Sisi ni wakulima wa mahindi. Tumelelewa tukiambiwa mbegu njema haichanganywi. Nasambu, mwenzetu anayetengeneza mbegu, alipoanza uyoga alifuata hayo hayo. Alitwaa chembe moja ya uzazi ya uyoga, akaiotesha peke yake. Ikatoa nyuzi, zikatanda, nyeupe kama pamba. Tukajaza mifuko mia mbili, tukangoja miezi mitatu. Hakukutoka uyoga hata mmoja.

"Nasambu, ati umetulimia ukungu!" Mzee Gichuki akamwambia mbele ya watu. Nasambu alicheka pamoja nasi, kisha akaenda nyuma ya kibanda, akalia.

TULICHOPATA
Alibeba nyuzi zake kwenye chupa hadi Kanduyi, kwa dadake Roselyne, mwalimu wa baiolojia. Roselyne akazitia rangi, akachungulia kwenye hadubini.

"Seli zako zina kiini kimoja kimoja. Uyoga si mahindi, bana. Unataka viini viwili vya wazazi tofauti ndani ya seli moja."

"Si vitapigana?"

"Wala. Vinakaa pamoja, kila kimoja kivyake, bila kuchanganyika."

Roselyne alikuwa na nyuzi za uyoga wa Kanduyi, nazo za chembe moja. Wakaziweka karibu na za Endebess, zikakutana, zikaungana, nasi tukazitia mifukoni. Miezi miwili baadaye Mzee Gichuki mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kibandani: "Mama Nasambu, kuja! Imetoka!"

WASIWASI WETU
Tangu barua ifike, Nasambu hali vizuri. Anatuuliza, "Wakifunga, mtanisema mimi tena?" Tunaona haya kwa vile tulivyomcheka. Mifuko mia tatu inatoa uyoga sasa hivi. Ikikosa maji siku mbili, imekwisha.

OMBI
Hadubini ya Roselyne iko hapo mezani. Tunaomba uchungulie viini hivyo viwili kabla ya kutia sahihi ya kufunga kibanda.

Mungu akufikishe nyumbani salama, ndiyo dua ya Wakulima wa Uyoga wa Endebess, hata ukifunga.

Na ile radhi uliyoitaka, Nasambu amekataa kuiomba. Sisi pia hatuiombi.