Risala ya Washona Fulana za Ubingwa Kumwombea Mpiga Pasi Wao

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa mpira na nahodha wa zamani wa Maseremala. Viongozi mlioketi mbele, nanyi mliokosa viti:

KARIBU

Sisi washonaji na wachapaji wa karakana hii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia ni cha mkata vitambaa. Amesimama kwa hiari yake, baada ya sisi kumwamrisha.

HISTORIA

Ubingwa wa taifa ulianza kwa timu chache na kombe la kuazima. Waokaji walilichukua misimu ya mwanzo mfululizo, hadi watu wakachoka kushangilia. Wakafuata Wachukuzi, kisha Maseremala, mara moja tu, kabla wewe hujajiunga nao.

Hiyo ni historia ya vitabuni. Ya kwetu ni ndefu zaidi. Bingwa huvaa fulana yake papo hapo uwanjani, na kwa kuwa hatuna uganga, kila fainali tunachapa za timu zote mbili. Za aliyeshindwa, amri ni zichomwe moto.

MAFANIKIO

Hatujawahi kuchelewesha fulana. Upande wa kuchoma, tuseme tu moto wetu ni hafifu. Mtaani kwetu kila timu ni bingwa. Muuza mkaa anapakia magunia akiwa amevaa ubingwa wa timu iliyokwisha kushuka daraja, na hakuna anayembishia.

CHANGAMOTO

Tunayo moja. Mwanzoni mwa msimu uliopita mpiga pasi wetu, tunayemwita Baba Mvuke, alikuja uwanjani na fulana iliyoandikwa "Maseremala Bingwa", ya mwaka ule wa penalti. Hatutasema nani alipiga wala mpira ulitua wapi, ingawa paa la mkunga wa nyuma ya uwanja linavuja mpaka leo. Wewe jukwaani ukaona umedhihakiwa, na kesho yake ikaja amri asikanyage tena karakana.

Sasa yuko nyumbani. Mkewe anasema amepiga pasi mapazia mpaka yanang'aa, na akiulizwa anajibu, "Mkono unawasha, mama watoto."

Tulimfuata tukamwuliza, "Mzee, kabati zima la fulana, ukachagua hiyo?"

Akasema, "Zingine nilizipenda tu. Hiyo niliililia. Yule kijana alicheza na kifundo kimevimba, sote tulimwona. Kwangu mimi alichukua kombe."

Mgeni rasmi, yeye hakukudhihaki. Tunaokudhihaki ni sisi, mara kwa mara, na kazi bado tunayo.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika feni, choo cha pili na dirisha linalofunguka. Tumefuta yote, tukabakiza moja: arudi. Pasi tunaishika kwa zamu, na nyote mliwaona mabingwa wakiinua kombe kwa fulana zenye makunyanzi.

Mzee aliyekufungulia mlango wa gari leo, ukampa mkono na kumshukuru, ndiye. Amebaki getini kwa sababu amri yako ingali inamzuia. Hatukuombi uijibu risala hii. Tunaomba utoke, urudi ndani naye.

Mungu akujalie afya, aujalie mpira wetu marefa wenye macho.

Ni sisi, wafanyakazi wa Karakana ya Fulana, tulio ndani na aliye nje.