Nani Amemwona Bwana Lovell?

Ukungu wa London asubuhi ile ulikuwa mzito hadi wateja wangu nikawa nawatambua kwa kikohozi. Benchi langu la kahawa liko nje, jirani na Soko Kuu la matajiri, na wanaolikalia ni walewale: Hezekia, tunayemwita Profesa kwa kuwa haishiwi mipango ya kuitajirisha Uingereza, Nahodha, aliyeacha meli zamani ila mdomo bado unasafiri, na Amosi Ngozi, mshona glavu, ambaye siku hiyo roho ilikuwa juu. Glavu zake zote aliziuza kwa hati ya Bwana Lovell, karatasi ya ahadi ya kulipa, na muuza ngozi wa Bristol alikuwa njiani kumletea ngozi za kulipiwa kwa hati hiyo. Akiikataa hati, karakana inafungwa. Hata mimi ninazo hati za Lovell, nimezificha kwenye kopo la chumvi. Mtaa mzima tunazo.

— Ngozi, kunywa bwana! Dhahabu inalala sandukuni, karatasi inatembea, akasema Profesa. Wabunge wakinisikiliza, tutaandikia hati mashamba yote ya nchi hii.

— Mashamba tu? Nahodha akamchokoza. Andika na meli ambazo hazijaundwa.

— Naandika! Na watoto ambao hawajazaliwa!

— Basi na wafu. Maiti hatorokei Uholanzi kukwepa deni.

— Nyie, nikawaka, marehemu mume wangu msimwandike popote!

Wakacheka. Ngozi hakucheka.

Muuza ngozi akafika na mkokoteni wake wa farasi uliojaa ngozi, akaketi, akaigeuza hati aliyopewa na Ngozi. Nyuma ilijaa sahihi za wote walioipokezana.

— Majina yote haya! Na huyu Lovell, nani amemwona?

— Ala! Profesa akashangaa. Kila tajiri ana nguzo yake ya kusimama pale Sokoni. Ya Lovell hakuna anayethubutu kuisogelea. Tukipita tunavua kofia.

— Mnaivulia nguzo. Na yeye mwenyewe?

Profesa akamtazama Nahodha. Nahodha akanitazama mimi. Nikajaribu kuukumbuka uso wa Lovell, nikaiona nguzo tu.

Ngozi akasimama.

— Nyumba yake si hapo konani? Naenda kubisha.

Nahodha akamdaka koti, akamnong'oneza:

— Una wazimu? Asipofungua tumekwisha sote!

Ngozi akajichomoa, akapotelea ukunguni.

Mlango ule una chuma cha kubishia. Kikigongwa, vikombe vyangu hutikisika. Tukatega sikio. Kimya. Tukangoja tena. Farasi tu ndiye aliyekuwa akihema.

Ngozi akarudi.

— Yupo. Amenisalimia vizuri.

— Hajambo? akauliza muuza ngozi.

— Hajambo. Mafua tu.

Muuza ngozi akatugeukia.

— Kweli, jamani?

Hakuna aliyekuwa amesikia chuma kikigongwa.

— Ah, mafua hayo! akasema Profesa. Jumapili kanisani alinipigia chafya begani.

— Na mimi nilimpa pole, Nahodha akadakia.

Macho yote yakanijia. Nilitaka kunyamaza, wallahi. Nikausikia mdomo wangu ukisema:

— Jana alikaa hapo hapo ulipokaa, baba. Kahawa yake hatii sukari.

Muuza ngozi akainuka upesi kwenye benchi, akaipangusa suruali yake nyuma kuyakung'uta mafua hayo, akaanza kushusha ngozi mkokotenini.