Vyungu vya Makaburi ya Kisiwani

Kijiwe chetu cha Mjimwema, hapa Songea, ni benchi moja mbele ya jiko la kahawa la Bakili, na hapo hakuna jambo tusilolijua. Juzi tulikwama. Pankrasi, tunayemwita Kamati kwa kuwa hakosi kamati ya harusi wala ya msiba, alikuja asubuhi macho mekundu. Dada yake Kunegunda amefariki. Gari la kumpeleka kisiwani kwao, kule Ziwa Nyasa, linaondoka Songea saa nane, na marehemu aliacha neno moja tu: azikwe ubavuni mwa mama yao. Wachimbaji wamepiga simu, wanauliza wachimbe wapi. Kamati hajui, na kule hakubaki ndugu wa kuwaonyesha. Makaburi ya kule hayaandikwi majina. Juu ya kila moja huwekwa chungu cha marehemu, kimetobolewa kitako, na ndugu hulijua kaburi lao kwa chungu. Mwaka jana ikaundwa kamati ya kupasafisha pale pawe mahali pa kihistoria. Ikaokota vyungu vyote, ikavitupa ziwani. Katibu alikuwa yeye. Nilimhurumia, na nilitamani kumzaba kofi.

— Wenyeji hawakuwakataza? aliuliza Saleh, mgambo mstaafu, tunayemwita Sajenti.

— Kisiwa chenyewe kina kaya kumi na tisa, alisema Kamati. Bibi Theodosia alisimama mkutanoni, akasema msiguse. Tukaandika kwenye muhtasari: maoni yamepokelewa.

— Yamepokelewa! Halafu?

— Halafu mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa. Mimi niliondoka kule nikiwa na miaka sita, Sajenti. Niliona vyungu vibovu tu.

— Basi usilie. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— We nawe! alidakia Bakili. Unamsema mama wa mtu?

Sajenti alijikohoza. Akasema kaburi hutafutwa kwa hatua: unasimama mlangoni pa kanisa la zamani la kule, unahesabu.

— Hatua ngapi? aliuliza Kamati, na nilimwona anataka kweli kuamini.

— Hiyo ndiyo sijui.

Leodegari, ambaye kwa kusoma magazeti ya kufungia maandazi tunamwita Profesa, aliweka kikombe chini.

— Siku hizi kuna vinasaba, bwana. Mnafukua wote, mnapima mifupa na mate ya Kamati. Inayofanana ndiyo mama.

— Makaburi mia mbili, Profesa! alipinga Kamati. Kuna waliokimbia vita ya Majimaji mle!

— Mficha uchi hazai.

— Inahusu nini hiyo?

— Inahusu kufukua.

Tulicheka kidogo, kisha tukaona aibu. Simu ya Kamati ikaita tena mfukoni. Hakuipokea.

— Mimi nasema hivi, alisema Bakili huku anachochea mkaa. Mzikeni popote. Mama akisikia mwanawe kafika, atamfuata mwenyewe. Wafu wanatembea, chini kwa chini.

— Kwa hiyo wataonana? aliuliza Kamati.

Mtu mzima, mwenye wajukuu, aliuliza hivyo. Bakili aligeukia jiko lake. Hakuna aliyemcheka.

Hapo akatokea Dorine, binti wa marehemu, anatokea nyumbani kwenye msiba. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa kanga.

— Shikamooni, wajomba.

— Marahaba, mama. Pole sana.

Akafungua kanga. Ndani mlikuwa na chungu cheusi kwa masizi, kitako kimetobolewa upya. Vumbi jekundu la udongo bado lilikuwa kwenye tundu.

— Hiki ni cha mama. Nimekitoboa mwenyewe leo asubuhi, mjomba. Mtakapokiweka, nitakaa hapo hapo kukilinda, maana naona huko watu wako wanapenda usafi.

— Sawa, mwanangu.

— Na cha bibi, mama yenu. Ulikitupa wewe kwa mkono wako, au alikitupa mwingine?

Kamati akaanza kukifunga chungu tena kwa kanga. Tulimtazama Sajenti, Sajenti akamtazama Profesa. Bakili akasema kahawa imeisha, na birika lilikuwa limejaa.