Marehemu Anaitwa Nani?

Wapendwa wa jumuiya, niacheni nisimame, nikikaa sitasema. Na nitatembeatembea hapa mbele, mnivumilie. Mwenyekiti ameniomba nishuhudie tangu zamani, nami nilikuwa nakwepa kwa kujidai nina kikohozi. Leo kikohozi kimepona.

Mnajua naigiza filamu. Wengine mmeniona kwenye televisheni mkapigiana simu, "Washa haraka, ni wetu huyo!" Mkiwasha, nimeshapita na ndoo yangu. Jamani, nimepiga deki kwenye filamu kuliko nyumbani kwangu! Mfanya usafi. Mkimbizi wa pili. Mwanamke sokoni. Jina? Hata siku moja. Kwenye usaili mmoja niliambiwa nijaribu kuwa Mwafrika zaidi. Zaidi ya hivi? Niongeze nini? Nikatabasamu, maana ukinuna wanasema wewe ni mgumu, na simu haipigwi tena. Nikapanda treni ya kurudi huku Barking, London, na hasira zangu. Usingizi ukapotea. Hata kusali nikaacha. Nikaapa: nipewe nafasi ya mama mmoja tu ambaye ni mtu kamili, la sivyo naacha kuigiza.

Akapatikana. Mama aliyefiwa na mwanawe. Nikapiga vigelegele jikoni peke yangu. Kumbe kamera ilikuwa ya kumfuata daktari Mzungu, ndiye mhusika mkuu! Mimi nilitakiwa nyuma yake, nijitupe chini, nipige mayowe, nirarue nguo. Mwongozaji alitaka pia waombolezaji wa kujaza chumba, nikawaleta akina mama wa jumuiya hii hii. Wakaelekezwa: kaeni kwenye viti, kimya, msimtazame mama anayelia.

Tukaanza. Nikapiga yowe, akasema haitoshi. Nikapiga jingine. Bado. Sauti ikanikauka, nikakaa sakafuni nikamwambia, "Siwezi. Kwetu mama halii hivi." Akanijibu kwa upole kabisa kwamba kama siwezi, yupo mwingine anayeweza. Ndugu zangu, nawaambia, nilitaka kuondoka. Nikabaki pale pale sakafuni.

Basi mama mmoja akainuka kwenye kiti chake. Kamera bado inarekodi! Akavua kanga yake akanifunika mabega, akakaa chini kando yangu. Akaja wa pili, kisha wote, kila mmoja na mkono wake wa pole. Pole mwanangu. Pole sana. Mwongozaji anapiga kelele warudi kwenye viti, wala hawana habari naye. Yule wa kwanza akaniinamia, hana utani hata chembe: "Marehemu anaitwa nani? Tumwombee."

Msaidizi akapekua skripti, akasema mtoto hana jina.

"Hana jina?" mama akamaka. "Sasa mnamzika nani?"

Chumba kizima kikanigeukia. Nikalitaja jina la mdogo wangu. Alifariki nyumbani nikiwa hapa nasubiri vibali vya kuishi, sikuweza kwenda kumzika. Sikumkalia matanga, siku ile nilienda kazini. Sasa nililia, bila yowe, na akina mama wakamwombea kwa jina lake mpaka wakamaliza. Nilipoinua uso, kamera ilikuwa imegeuzwa kwangu. Hakuna aliyeniomba radhi, lakini filamu ilipotoka, mle mwishoni kwenye orodha ya waigizaji, yule mama niliyemwigiza aliandikwa kama mama wa mtu, na mtu huyo ana jina, lile la mdogo wangu.

Msidhani dhiki imekwisha. Juzi tu nimeitwa nikapige deki. Siku hizi nauliza kwanza: huyu mwanamke anaitwa nani, na wanawe je? Wengine wananikatia simu. Wakate! Nimeanza kusali tena, ingawa usingizi bado unasuasua. Neno langu kwenu ni hili: ukiwekwa mahali usipokuwa na jina, usikae hapo peke yako, ita watu wako.

Mama zangu, siwataji, mnajijua mlivyokaa hapo. Mdogo wangu alikuwa hajaliliwa na mtu katika nchi hii. Mliambiwa mkae kimya. Asanteni kwa kuinuka.