Kelele Zisizokuwa Zake

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika shirika letu la uchapishaji, mingi yake akisoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, Mzee Kelele anastaafu. Wasifu huu umecheleweshwa na yeye mwenyewe. Nilimpelekea ahakikishe tarehe tu, na mara tatu umerudi umejaa wino mwekundu, mkato huu umesogezwa, sentensi ile imekatwa kiuno. Mstaafu gani husahihisha sifa zake?

Alianza akiwa mpanga herufi, akapanda hadi msomaji prufu mkuu. Vitabu vya shule mia nne na ushei vimepita chini ya rula yake ya mbao. Akiwa anasoma hapokei simu, hata ya mkurugenzi. Ukiazima kalamu yake atakufuata hadi chooni kuidai. Tuseme ukweli, kufanya naye kazi kunachosha.

Wageni hushangaa mtu mkimya hivi kuitwa Kelele. Jina lilitokana na kijitabu cha usafi tulichotafsiri miaka kumi na tisa iliyopita. Kiingereza kiliieleza mitaro kuwa "noisome". Tafsiri yetu ikasema, "Mitaro yenye kelele huleta maradhi," na nakala elfu tatu zikachapwa. Mabwana afya wakaanza kuulizwa ni mtaro upi huo, maana watu wametega masikio weee, hawasikii kitu.

Neno lile halina undugu wowote na "noise". Limezaliwa na "noy", kipande cha zamani cha "annoy", yaani kuudhi, na maana yake ni -enye uvundo au -enye madhara. Mkurugenzi aliitisha kikao akitaka mtu wa kufukuza. Mzee akasimama, akasema, "Prufu ni yangu." Akapewa barua ya onyo, cheo kikachelewa miaka sita, na jina likamganda.

Prufu haikuwa yake. Siku ile alikuwa kwenye harusi ya bintiye. Mfasiri nilikuwa mimi, mwezi wa pili kazini, mke wangu mjamzito, na niliipeleka kazi mtamboni bila kumsubiri. Baada ya kikao alinifungulia kamusi kubwa mezani, akaweka kidole kwenye neno, akaenda zake. Hajalitaja tena mpaka leo, na ukimya huo umenikera kuliko matusi.

Aya hiyo ndiyo aliyoifuta mara zote tatu. Pembeni aliandika, "Haimhusu mstaafu." Nimechoka kubishana naye. Nimeirudisha, na wasifu nimeupeleka mtamboni bila kumsubiri, kama siku ile.

Ahsante, Mzee wetu. Kaishi vizuri na wajukuu, na kalamu nyekundu uiache mezani. Safari hii, wakiuliza, prufu ni yangu.