Vidole Viwili Shingoni

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, vijana, mliokaa humu ndani na mliosimama hapo mlangoni, nashukuru kwa nafasi. Katekista aliponiomba nitoe ushuhuda wa ugonjwa wangu hapa kanisani alisema, "Useme kwa upole, watu wafarijike." Nimeutafuta huo upole tangu Jumatano, sijaupata. Nina hasira. Nimeamua nije nayo hivyo hivyo, kwa sababu nikiiacha nyumbani sitasema ukweli.

Sitataja jina la mtu. Wenyewe mtajijua.

Mnanifahamu. Kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Nina kihamba changu hapo juu, shamba la migomba na kahawa, ng'ombe wawili, mke, watoto watatu, wa mwisho binti wa miaka saba. Mtu wa kazi yangu hamtegemei aogope moyo wake mwenyewe. Hata mimi sikutegemea.

Miaka mitatu na nusu iliyopita kaka yangu alifariki. Tulikuwa kwenye ubatizo Bomang'ombe. Amekaa, sahani iko magotini, anasimulia pikipiki yake ilivyokataa kuwaka mbele ya trafiki, watu wanacheka. Akanyamaza katikati ya neno. Tukadhani anatafuta la kuongezea. Kumbe ameshakwenda. Miaka arobaini na sita.

Lile lilikuwa pigo, lakini siyo siku niliyougua. Niliugua siku ya mazishi. Tumetoka kaburini, nimekaa kwenye benchi, akaja mzee mmoja wa ukoo wetu, akaniwekea mkono begani. Akasema, "Mwanangu, hata baba yenu alikwenda hivi hivi. Huu moyo ni wa kwenu. Aliyebaki ni wewe."

Kisha akaenda kuchukua chakula.

Ndugu zangu, nawaambia, akaenda kuchukua chakula! Amenimwagia ile sumu sikioni, halafu akapanga foleni ya wali. Na baba yetu hakufa kwa moyo. Baba alikufa na miaka themanini na moja, kwa kisukari na kidonda cha mguu, kila mtu hapa anajua. Lakini msibani nani anasahihisha maneno ya mzee? Na mimi nilikuwa na uchungu. Nikayameza.

Jioni ile ile nikaweka vidole viwili hapa, pembeni ya koo. Nikahesabu kwa saa ya simu. Themanini na nane. Ni nyingi au ni chache? Sikujua. Nikahesabu tena: tisini na nne. Mbona imepanda? Nikahesabu tena: mia na mbili. Mnaona jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi? Kadiri nilivyoutazama moyo ndivyo ulivyokimbia, na kadiri ulivyokimbia ndivyo nilivyoutazama. Nilikaa ndani ya hicho kinu miaka miwili.

Na kazi yangu ikanipa silaha. Mlimani tuna kakifaa kadogo ka kubana kidoleni, kanaonyesha mapigo ya moyo na kiasi cha hewa kwenye damu. Kila siku tukifika kambini tunawapima wageni nako, tujue nani mlima umemkataa. Nikaanza kujipima mimi. Asubuhi, njiani, kabla ya kula, baada ya kula. Nikanunua kangu nikae nako nyumbani. Nilikuja nako kanisani, nakaficha ndani ya mkono wa koti. Wengine hapa mlishangaa kwa nini siku hizo wakati wa kupeana amani natoa mkono wa kushoto. Ndiyo hivyo. Wa kulia ulikuwa kazini.

Nilikwenda hospitali, msiseme sikwenda. Wakapima umeme wa moyo, wakapiga picha ya moyo, damu, mkojo. Daktari akasoma karatasi, hakuinua macho. "Huna kitu. Nenda nyumbani."

Huna kitu! Mtu alianguka jikoni kwake, mikono imekufa ganzi, kifua kimebana kama kimefungwa kamba ya mzigo, jasho linatoka, anamwita mkewe aje amuage. Halafu anaambiwa hana kitu. Ningekuwa sina kitu ningefuata nini pale? Nilitoka nikiamini wamekosea, au wamekiona wakanificha. Nikaenda hospitali ya pili, ya tatu, ya nne. Kote vipimo safi, kote "huna kitu", na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Baba, umefiwa na nani?"

Watu wa namna yangu wana soko lao. Bomang'ombe nikakutana na bwana mwenye gari na spika. Akanishikisha vyuma viwili vyenye waya, akasoma kwenye kioo: mishipa miwili imeziba, wa tatu uko njiani kuziba. Akanipa unga wa mizizi na orodha ya makatazo. Nisinyanyue kitu. Nisipande kilima kwa haraka. Nisinywe kahawa. Mimi, Mchagga wa Kibosho, kahawa imefika mpaka ukutani kwangu, naogopa kikombe! Na nilimwamini, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza aliyesema nina kitu.

Wengine wenu hapa hapa mliniambia ni imani haba. Nisikilizeni vizuri. Nilikuwa nasali rozari huku nimeshika shingo, sijui nahesabu Salamu Maria au mapigo. Mliponiambia sina imani, mliniongezea kitu kingine cha kuogopa. Basi.

Nyumbani nikawa mtu wa kutembea kama nimebeba yai. Majani ya ng'ombe mke wangu anakata, mke wangu anabeba, mimi nimekaa kwenye kigoda. Binti yangu akinyoosha mikono nimbebe namwambia baba anaumwa. Na lile jambo la watu wazima nililiacha, moyo usije ukakimbia. Chekeni tu. Mke wangu hakucheka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisema kwa watu wachache sana.

Tulikuwa mlimani, kambi ya tatu, mchana. Siku hiyo nilijisikia vibaya tangu asubuhi, nikajipima njia nzima, sijui mara thelathini, sijui arobaini. Kale kangu nilikuwa nimekaacha nyumbani kwa bahati mbaya, nikatumia ka kazini. Betri zikaisha, nikaweka za akiba. Tulipofika kambini nazo zilikuwa zimeisha. Akaja mpagazi wetu mmoja, kijana wa Njoro mwenye mke na mtoto mchanga. Akasema, "Kaka, kichwa kinapasuka, na nikilala napata kikohozi." Mtu wa miaka mingi mlimani anajua maneno hayo yana maana gani: mlima umeanza kumjaza maji mapafuni. Nilitakiwa nimpime pale pale.

Ningempima na nini?

Nikaona aibu kusema betri zimekwenda wapi. Nikamwambia, "Umechoka tu. Kajilaze, utakuwa sawa."

Mnasikia? Mimi niliyezunguka hospitali nne nikilaani watu walioniambia sina kitu, nilimwangalia mgonjwa wa kweli usoni nikamwambia hana kitu. Kwa ajili ya aibu yangu.

Saa moja na nusu baadaye kiongozi wetu wa msafara alipita kwenye hema la wapagazi akasikia pumzi inakoroma kama maji kwenye mrija. Midomo ya kijana imegeuka rangi. Wakamweka kwenye machela wakashuka naye mbio, watu sita wakipokezana, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilishuka yale mawe nikiwa nimeshika machela, nakimbia, natoka jasho, na moyo wangu unaoniua kila siku haukunifanya chochote. Hata hilo sikuliona wakati ule. Nilikuwa naangalia midomo yake.

Alipona. Alilala hospitali siku nane, akapona. Mungu alinihurumia mahali ambapo sikustahili.

Niliacha kazi nikarudi kukaa nyumbani. Mngedhani nimejifunza. Sikujifunza, nilizidi. Sasa niliamini moyo utasimama kama adhabu.

Jumapili moja tunakula mtori, wote tumezunguka meza. Binti yangu akaweka kijiko chini. Akainua mkono, akaweka vidole viwili shingoni, hapa hapa ninapoweka mimi, akakunja uso kama ninavyokunja. Midomo inahesabu. Halafu akaniuliza, "Baba, wangu umefika mia moja. Na mimi nitakufa kama baba mkubwa?"

Hakuna aliyemfundisha ila mimi.

Mke wangu akasimama. Huyu mama alikuwa amenyamaza miaka miwili. Akasema mbele ya watoto, "Kaka yako alikufa mara moja, tukamzika, tukalia. Wewe unatufia kila siku na mazishi hatufanyi. Kesho unakwenda zahanati na karatasi zako zote. Ukikataa, mimi na watoto tunakwenda kwa mama yangu, na majani ya ng'ombe utakata mwenyewe."

Nikaenda. Zahanati yetu ya hapo chini kuna tabibu, mama wa makamo, wengi mnamjua. Nikamwekea bahasha nne mezani, nikasubiri aseme lile neno. Akasoma karatasi moja moja, kwa utaratibu, akarudia nyingine. Kisha akavua miwani.

"Baba, moyo wako ni mzima. Umepimwa vya kutosha, sitakupima tena."

Nikaanza kunyanyuka. "Kwa hiyo sina kitu."

"Kaa chini. Nani kasema huna kitu? Una ugonjwa wa hofu. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una dawa yake na una matibabu yake, na umekaa nao muda mrefu bila mtu wa kukutibu. Umemzika nani?"

Ndugu zangu, nililia pale kama mtoto. Miaka miwili, na swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo.

Nilipomaliza akavaa kandambili zake akasema twende nje. Kuna ile njia inayotoka mtoni kupanda barabarani, mnaijua ilivyo kali. Akaniambia tunaipanda bila kusimama na nisiguse shingo. Nikamwambia nitakufa. Akasema, "Nimesoma vipimo vyako, najua ninachofanya. Panda."

Nikapanda. Katikati moyo ukaanza kupiga mpaka masikioni, mkono ukaja wenyewe shingoni, akaupiga kofi. Ndipo hasira ikanipanda. Nikaanza kumgombeza! Nikamwambia yeye ni mkatili, madaktari wote ni wakatili, nikamgombeza yule mzee wa msibani, nikamgombeza mwenye spika, nikamgombeza hata kaka yangu kwa kufa anacheka akaniachia kazi ya kuogopa. Tukafika barabarani bado nagombeza. Yeye anahema, ameshika kiuno.

"Umepanda unapiga kelele njia nzima," akasema. "Mwenye moyo mbovu angeitoa wapi pumzi ya kunitukana?"

Nikasimama pale nikausikiliza moyo. Ulikuwa unakimbia, kisha ukaanza kupungua, wenyewe, bila mimi kuhesabu. Unajua kazi yake.

Sikupona siku hiyo, msije mkatoka hapa mkisema ulikuwa muujiza. Tabibu aliniandikia barua nikaenda kliniki ya afya ya akili mjini Moshi, kila wiki mbili, karibu mwaka mzima. Nilipewa dawa kwa muda, nilifundishwa kupunguza kujipima: mara kumi kwa siku, mara tano, mara moja, kisha kale kakifaa nikampa mke wangu akakafungia. Kuna walioniona nikiingia kule wakaja kutangaza huku kwamba nimekuwa kichaa. Nawajua. Mmekaa mstari wa nne. Pasaka iliyopita tulizika jirani na vidole vikarudi shingoni wiki nzima. Nikarudi kliniki. Sioni aibu.

Nilikwenda Njoro kwa yule kijana. Nikamweleza habari ya betri mbele ya mke wake. Alimchukua mtoto kwa mke wake, akampakata. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Sasa nimerudi kazini, na kambini nawapima wapagazi kwanza, wageni baadaye. Wageni wakiuliza, nawaambia ndiyo utaratibu wangu.

Shukrani zangu. Mke wangu, simama wakuone. Aika, asante. Uliniokoa kwa kunitishia, na ulikuwa na haki. Tabibu wetu hayupo leo, yuko zamu, mfikishieni salamu. Wenzangu wa mlimani waliobeba ile machela, asanteni.

Na la kujifunza, kama mnalitaka kutoka kwa mtu mwenye hasira. Kifua kikikuuma, nenda ukapimwe, usikae nyumbani kwa kunisikiliza mimi. Ukiambiwa moyo ni mzima na hofu ikabaki, hiyo hofu nayo ipeleke ikatibiwe, na asiyekuuliza vizuri mwache umtafute mwingine. Nanyi wazee wangu, kwa heshima yote, msibani mpeni mfiwa pole na kiti. Msimpe zamu ya kufa.

Najua humu ndani kuna mtu anayejihesabu. Sitamtazama. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa hapo nje, kwenye ule msalaba wa mti wa kanisa letu, naelekea zahanati. Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo twende wawili. Nitatembea kwa mwendo wako.